Jerikeni Inajaa kwa Sekunde Ngapi?

Ninyi vijana mnaoniandikia kila muhula unapoanza, mkiniuliza, "Mwalimu Biira, tujifunze programu gani ya hesabu?", mnanipa heshima nisiyoistahili. Mnadhani kwa kuwa nimestaafu ninashinda nikilinganisha programu. Ukweli ni kwamba ninashinda nikipalilia maharage na kugombana na kuku. Hata hivyo mmeuliza kwa adabu, na swali lenu ndilo lililonisumbua katika maisha yangu yote ya kazi, kwanza nikiwa mhandisi wa maji katika vilima vya Bwera, kisha nikiwa mwalimu wa chuo cha ufundi mjini Kasese. Nitawajibu. Jibu langu ni la plastiki, rangi yake ni ya njano, linabeba lita ishirini, na mfuniko wake ulipotea zamani.

Chuoni tuliwahi kuwa na wachumba watatu kwa wakati mmoja, yaani programu tatu zilizotaka tuzichague, na wanafunzi, ambao hawakosi majina ya kubandika watu, waliwabandika hata hao.

Wa kwanza aliitwa Bwana Harusi. Aliletwa na kijana wa kampuni kutoka Kampala, mwenye suti, projekta yake mwenyewe na vipeperushi vyenye picha za mabwawa ya nchi za mbali. Bwana Harusi aliweza kila kitu. Alitatua milinganyo, akachora grafu zenye rangi kama vitenge, na kwa kazi za maji alikuja na orodha yake ya mabomba: unachagua jina la bomba, unabonyeza, unapewa jibu. Sharti lake lilikuwa moja tu. Angeishi kwenye kompyuta za maabara pekee, na kila asubuhi angeuliza makao yake makuu, kwa mtandao, kama bado anaruhusiwa kufanya kazi.

Wa pili aliitwa Jirani. Hii ilikuwa programu ya bure, iliyotungwa na watu wanaojitolea. Sura hakuwa nayo. Ukimfungua, anakupa dirisha tupu na kistari kinachopepesa, kana kwamba anasema: haya, umefuata nini hapa? Kanuni unamwandikia wewe mwenyewe, mstari kwa mstari. Ukikwama unauliza mtandaoni, na mtu usiyemjua, wa nchi usiyoijua, anakujibu, wakati mwingine kwa ukali, kama jirani wa kweli.

Wa tatu alikuwa Jembe, yaani lile jedwali la kawaida la kompyuta lenye visanduku, ambalo kila ofisi ya Kasese hulitumia kupangia majina, na ambalo likibembelezwa hukokotoa hata boriti ya daraja. Sikuwahi kusikia mtu akimsifu Jembe. Sikuwahi pia kuona mtu aliyeweza kuishi bila yeye.

Kabla sijawaambia nani aliposwa, niwape mawili ya kazini, maana najua mtayahitaji.

Mwanafunzi mmoja alinichorea paa la ghala la mahindi la Karusandara. Mteremko ulikuwa wa digrii thelathini. Hakujua kwamba programu aliyoitumia hupima pembe kwa radiani mpaka uiambie vinginevyo. Paa lake likateremka, likapita dari, likapita sakafu, likaishia ardhini kama kisima. Nikamwuliza mahindi yataingilia wapi. Akaigeuza karatasi juu chini, akasema, "Lakini Mwalimu, kompyuta ndiyo imesema." Tangu siku hiyo, kila aliyenipa jibu nilimwuliza kwanza kama amelitazama, na baadaye ndipo nikauliza kama ni sahihi.

La pili linanihusu mimi. Hesabu zangu za miaka ya mwanzo nilizihifadhi katika programu ambayo kampuni yake ilikufa. Diski ninazo. Faili zimo. Hakuna kompyuta duniani inayokubali kuzifungua. Lakini daftari la aliyenifundisha kazi, lenye madoa ya matope na alama ya kikombe cha chai, linafunguka kila ninapolivuta. Basi mkichagua programu, ulizeni pia kama kazi yenu itasomeka siku programu yenyewe itakapokuwa marehemu.

Mwenye daftari hilo alikuwa Mzee Baluku, fundi mkuu wa mabomba, mwanajeshi mstaafu aliyetuamuru sote kama kuruta. Nilipofika Bwera na shahada yangu mpya na kompyuta ya kwanza kuonekana pale kwenye kambi ya mradi wa maji, alinizunguka mara moja, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Wewe injinia! Simama hapa. Maji ya hii bomba itakuwa ngapi?"

"Lita moja nukta moja kwa sekunde, afande."

"Mimi sijui nukta. Watu ya huku wanabeba jerikeni. Jerikeni inajaa kwa sekunde ngapi?"

Nikarudi kwa Jembe, nikagawanya, nikaja na jibu: kumi na nane. Sikuishia kwa Mzee. Katika mkutano wa wananchi nilisimama nikiwa na blauzi nyeupe, nikatangaza kwamba jerikeni ya lita ishirini itajaa kwa sekunde kumi na nane. Nikapigiwa makofi.

Siku ya kufungua maji, Mzee Baluku aliweka jerikeni chini ya koki, akatoa saa yake ya mfukoni, akafungua. Ilijaa kwa sekunde thelathini na moja. Akaandika katika daftari: Bwera, bomba la 63, urefu, kimo, jerikeni sekunde 31. Akanikabidhi kalamu nitie sahihi, kana kwamba nimekamatwa.

"Sasa hii ndiyo shahidi yako," akasema. "Kompyuta yoyote ikikuja, uliza yeye hii kitu ya Bwera kwanza. Ikisema uongo, fukuza."

Nililigundua kosa langu juma lile lile, nikalisahihisha kimya kimya katika miradi iliyofuata. Ushauri wa Mzee niliushika. Kila kikokotoo, kila jedwali, kila programu iliyopita mikononi mwangu niliipa kwanza hesabu ambayo jibu lake nilikuwa nimeliona kwa macho. Hilo ndilo jambo la maana zaidi nililolifundisha. Wanafunzi wangu wote waliujua ushauri huo, lakini zile sekunde thelathini na moja niliziacha ndani ya daftari, ziwe mtihani. Zile kumi na nane nilizizika, na sikumwambia mtu.

Sasa turudi kwenye uchumba.

Mkuu wa chuo, mtu mwema mwenye udhaifu wa kupenda vitu vinavyong'aa, alikuwa karibu kutia sahihi kwa Bwana Harusi. Tena alikuwa ameamua kwamba miradi yote ya kumalizia masomo ingepokelewa katika programu moja tu, ile itakayochaguliwa. Uamuzi huo ulimwangukia mwanafunzi wangu Kavira. Kavira alikuwa mtoto wa mama mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akiwa msichana, akatulia Bwera akiuza mawese. Alisoma siku tatu kwa juma Kasese, na siku zilizobaki alikaa mezani pa mama yake sokoni, akifanya mradi wake kwa Jirani katika kompyuta kuukuu iliyofungwa utepe wa gundi kwenye bawaba. Mradi wenyewe haukuwa wa kubuni tu. Ulikuwa bomba jipya la kupeleka maji mtaa wa juu wa Bwera, na kamati ya mtaa ilikuwa inasubiri hesabu zake ili iagize mabomba. Bwana Harusi akichaguliwa, Kavira angelazimika kuanza upya katika maabara ambayo hufungwa jioni, na siku za soko zisingemruhusu. Angepoteza mwaka, na mtaa ungeendelea kusubiri.

Nikamwomba Mkuu ruhusa moja: kabla ya sahihi, Bwana Harusi na Jirani waulizwe swali la Bwera mbele ya watu. Akakubali. Nikaandika karatasi moja kwa wote, neno kwa neno kama daftari la Mzee lilivyo, isipokuwa zile sekunde.

Kijana wa kampuni akabonyeza kwa vidole vyepesi. Bwana Harusi akachora bomba la buluu linaloteremka mlima wa kijani, akatoa jibu: sekunde ishirini na mbili.

Moyoni nikacheka. Nikamgeukia Kavira, aliyekuwa amempa Jirani karatasi ile ile, kwa kiburi cha mama anayemtazama mwanawe jukwaani.

"Jirani anasemaje?"

"Kumi na nane, Mwalimu."

Sijui kama mmewahi kumsikia mtu aliyezikwa akibisha hodi mlangoni.

"Majibu mawili," akasema Mkuu. "Sahihi ni lipi?"

"Hakuna," nikasema. "Sahihi ni thelathini na moja."

Kijana wa kampuni hakupoteza tabasamu. "Basi angalau sisi tuko karibu zaidi, Madam."

"Karibu na nini?" Mkuu akauliza. "Mwalimu Biira, kompyuta mbili zinakupinga, na wewe una daftari lenye doa la chai. Mimi nimwamini nani?"

"Twende tukajaze jerikeni."

Nilitamka bila kufikiri, lakini Mkuu alikuwa mtu wa kupenda safari kama alivyopenda vitu vinavyong'aa. Tukapanda pikapu ya chuo: yeye, mimi, Kavira na kijana wa Kampala, ambaye tulipopita Muhokya alikuwa bado anaeleza matoleo ya Bwana Harusi, na tulipofika Bwera alikuwa ameanza kuuliza kama pale karibu panapatikana soda baridi.

Koki ya Mzee Baluku ipo hadi leo, chini kidogo ya soko. Foleni ya jerikeni za njano ilikuwa imejipanga yenyewe, na wenye jerikeni walikuwa kivulini. Tulipoikaribia, mama mmoja mwenye rozari shingoni akainuka nyuma ya meza ya mawese. Alikuwa mama yake Kavira, na nilikuwa sijawahi kukutana naye. Angalau ndivyo nilivyodhani.

"Mupange laini kama batu bote!" akatuambia. Kisha akanitazama, akaja hatua mbili, akanitazama tena. "Eee! Huyu haiko Madamu Kumi na Nane?"

"Madamu nani?" akauliza Mkuu.

"Kumi na Nane! Mwili imeongezeka kidogo, lakini ni yeye. Alisimamaka pale, na bulauzi mweupe, akatuambia bido itajaa na segonde kumi na nane. Tukapiga makofi! Siku ya kufungua tukahesabu naye. Moja, mbili, tatu... kumi na nane ikafika, bido iko nusu na kidogo. Tukaendelea kuhesabu mupaka tukachoka."

Wanawake wa kivulini walianza kucheka, na mmoja mzee kuliko wote akathibitisha kwa kuinua mkono, kama aliye mahakamani.

"Mama, acha basi," Kavira akanong'ona.

"Niache nini? Hata wewe unajua. Ukiniambia 'mama, nakuja sasa hivi', mimi nakuuliza: ni sasa hivi ya kweli, ao ni kumi na nane?"

Kavira akanigeukia, mkono mdomoni. Alikuwa amelelewa kwa msemo huo wa nyumbani, na hakujua kamwe kwamba chanzo chake kilikuwa mwalimu wake.

Wanangu, nimesimama mbele ya wakaguzi wa wizara, mbele ya madiwani wenye hasira, na mara moja mbele ya nyati. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama nilivyotamani pale.

"Tujaze kwanza," nikasema.

Mkuu akashika simu yake ipime muda. Kijana wa kampuni, kwa heshima yake nawaambia, alikunja suruali akaishika jerikeni mwenyewe, na viatu vyake vikapata ubatizo wa Bwera. Foleni yote ikahesabu kwa sauti. Tulipopita kumi na nane wakapiga vigelegele vya kunisimanga. Tulipopita ishirini na mbili, Mkuu akamtazama kijana.

"Thelathini na mbili," akasema mwishowe.

"Daftari linasema thelathini na moja," nikajitetea.

"Hiyo moja ni uzee," akasema mama yake Kavira. "Bomba nayo inazeeka, sawa na mwenyewe."

Sasa ikabaki kulitafuta kosa. Kavira akaketi kwenye ukingo wa saruji, akafungua kompyuta yake, ambayo betri yake ilikuwa na pumzi ya dakika chache tu. Kwa kuwa kanuni ndani ya Jirani aliiandika mwenyewe, aliweza kuipitia namba kwa namba, akizitaja kwa sauti: urefu, kimo, ukwaruzo. Akasimama kwenye mstari mmoja.

"Mwalimu, hii sitini na tatu, nani aliipima?"

 Yeye akainuka, akaenda kwenye meza ya mama yake. Mwavuli wa meza ile ulisimama ndani ya kipande cha bomba kilichochimbiwa ardhini, salio la mradi wetu wa zamani. Akauchomoa mwavuli, jua likayapiga mawese, mama yake akapiga yowe. Kavira akapima kwa rula. Nje kwa nje, milimita sitini na tatu. Ndani, ambamo maji hupita, hamsini na moja na kidogo.

Ndilo kosa lenyewe. Bomba la plastiki huitwa kwa unene wake wa nje, na mabomba ya milimani, yanayobeba shinikizo kubwa, yana kuta nene. Maji hayajali jina. Kavira akafuta sitini na tatu, akaandika kipimo cha ndani, akabonyeza. Jirani akajibu: thelathini na moja.

Kijana wa kampuni naye alikuwa ameinamia kompyuta yake. Orodha ya Bwana Harusi ilikuwa na bomba linaloitwa 63, lakini kipimo cha ndani hakikuonekana popote. Bila shaka lilikuwa bomba la kuta nyembamba, la nchi tambarare. Akapiga simu Kampala, akasikiliza, akakata.

"Wanasema orodha imefungwa kwa usalama."

"Usalama wa nani?" akauliza Mkuu.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilishangilia. Lakini nilikuwa namtazama Kavira. Alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa amefungua faili nyingine, ule mradi wake, na nilijua anachokiona kabla hajasema. Mkuu hakuwa ameuona mradi ule. Kavira angeweza kufunga kompyuta, akarekebisha kimya kimya, kama mtu fulani alivyofanya zamani.

"Bwana Mkuu," akasema, "yangu pia iko mubaya. Bomba ya mutaa wa juu nimeihesabu na sitini na tatu hii hii. Wakiagiza vile, maji haitafika."

Katika dhiki alirudia lugha ya nyumbani, na mama yake akaacha kuupigania mwavuli.

Sikuwa na pa kujificha tena. Nikamwambia Mkuu, na Kavira, na foleni nzima, kwamba kosa lile lilikuwa langu kabla halijawa la mtoto. Darasani niliandika "tumieni kipenyo cha ndani" ubaoni, mstari mmoja kati ya mistari arobaini, nikaupita haraka. Sikuwaambia kwamba mstari ule uliniaibisha mbele ya umati. Kisha nikampa karatasi yenye jina la bomba peke yake. Kwa kulinda blauzi yangu nyeupe, nilimwachia shimo lile lile nililoangukia mimi.

Mkuu akamgeukia mwanafunzi wangu. "Kavira, kuusahihisha kutakuchukua muda gani?"

"Siku mbili. Hapa hapa, kwa mama."

"Na kwa programu yako, bwana?"

Kijana wa kampuni alikuwa mkweli, na ndiyo maana nampenda hadi leo. "Ningelazimika kusubiri watoe toleo jipya."

Hivyo ndivyo Jirani alivyoposwa, akiwa na Jembe kama mke mwenza. Bwana Harusi hatukumfukuza kabisa. Aliwekwa katika kompyuta mbili, kwa ajili ya wale watakaoajiriwa katika ofisi zinazomtumia, maana kwa kazi kubwa yeye ni hodari kweli, na ni upumbavu kumkataa mtu kwa sababu amevaa vizuri. Baadaye kijana wa kampuni aliniandikia kwamba orodha ya mabomba sasa inafunguka, na kwamba hubeba kipande cha bomba katika mkoba wake anapokwenda kuuza. Kavira alisahihisha mradi, akachagua bomba pana zaidi, akapita mtihani, na mtaa wa juu ukapata maji.

Juzi alinialika darasani. Yeye ndiye anayekalia kiti changu siku hizi. Nilikaa nyuma, kama bibi aliyealikwa kwenye mahafali. Wanafunzi wake hawaulizi tena habari za Bwana Harusi wala Jirani. Wana programu zinazojibu kwa maneno ndani ya simu, kwa sauti ya mtu asiyewahi kukosea. Aliwapa swali la Bwera, wakaziuliza simu zao. Binti wa mstari wa mbele akainua mkono kwa furaha.

"Kumi na nane, Mwalimu! Na imenieleza hatua zote."

Nilingoja Kavira aandike ubaoni mstari ule wa kipenyo cha ndani. Hakuandika. Aliweka chaki chini, akavuta jerikeni ya njano kutoka chini ya meza, akaketi juu yake.

"Kabla ya kupima," akasema, "nitawasimulia kosa langu. Lakini kosa langu lina mama yake, na mama yake amekaa pale nyuma. Simameni mumsalimie Madamu Kumi na Nane."

Darasa zima likageuka. Nikasimama, nikakunjua blauzi yangu, ambayo kwa bahati mbaya siku hiyo ilikuwa nyeupe, nikaitikia salamu.